Kutunza Bwawa la Samaki

Wasikilizaji wetu, kuchimba bwawa nyuma ya nyumba ni kazi ya siku chache. Kulitunza ni kazi ya kila siku. Wako waliofuga perege miezi mingi, kisha alfajiri moja wakawakuta wanaelea wamekufa. Wakadhani ni uchawi, kumbe walikosa hewa.

Samaki huvuta hewa iliyomo majini. Mchana mimea midogo ya majini huitoa hewa hiyo kwa nguvu za jua, lakini usiku yenyewe huitumia. Majani yanayooza na mabaki ya chakula nayo huimaliza. Kwa hiyo mkiona samaki wakitweta juu ya maji asubuhi, acheni mara moja kutia samadi na chakula, mfungulie maji mapya yaingie.

Kipimo chetu ni chepesi. Tumbukizeni mkono wima, mkikunja kiganja. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, na maji ni ya kijani, samadi imezidi.

Kila juma twapaswa kufyeka kandokando, kuondoa magugu yaeleayo, kusugua wavu wa mfereji, na kuziba matundu ya kaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mkiisha kuvua wote, kausheni bwawa, mzoe tope jeusi mkalitie migombani. Jua na lichome chini mpaka papasuke nyufa, lipate kuua wadudu na samaki waharibifu waliosalia. Ndipo mjaze maji tena.