Neno Ufanisi na Kipimo Chake

Ufanisi katika Kiswahili ni kufanikiwa. Neno halisemi kwa gharama gani. Wachumi walitumiapo hupima uwiano wa kilichopatikana na kilichotumika, na hapo ndipo penye utata. Mfano ni China, ambako ulinzi wa mazingira ulipewa fungu lake katika bajeti mwaka 2007. Majimbo hulinganishwa kwa njia waliyoitunga Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978: jimbo lisafishalo maji machafu mengi zaidi kwa fedha zile zile huwa kipimo cha mengine. Basi majimbo yote yakifuja, lifujalo kidogo hupata alama kamili. Naye msomaji wetu, aonapo “ufanisi kamili”, hudhani mito imekwisha takata.