Podikasti za Mahojiano na Soga: Ninazosikiliza Mimi, na Ninazozima Watoto Wakiingia Garini

Tofauti ya saa ndiyo iliyonitenganisha na redio ya nyumbani. Sydney iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa 7, na kuanzia Oktoba hadi Aprili, saa zinaposogezwa mbele huku, inakuwa saa 8. Kipindi cha asubuhi kinapoanza kule saa 12, hapa ni saa 7 au saa 8 mchana. Wakati huo ama niko wodini nagawa dawa, ama nimetoka naiti, nimefunga pazia na nimelala. Kile kipindi ambacho daladala nzima inakicheka, mimi nakipata kama tetesi kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Podikasti haijali saa. Unaipakua nyumbani, unaisikiliza kwenye treni ya Blacktown, kwenye foleni ya M4, au ukipiga pasi sare. Wanafunzi mnaonisoma mnayajua haya kuliko mimi. Ila wazazi wenzangu bado wananiuliza wasikilize nini, na nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona niandike. Nitazungumzia aina moja tu: zile ambazo mtu maarufu anahojiwa kwa kirefu, au watani wawili watatu wanakaa na kupiga soga. Za dini, za biashara na za afya zipo nyingi na zina watu wake.

Huenda ukauliza, kwa nini soga, wakati sote huku hatuna muda? Nisikilize kidogo. Hebu hesabu maneno ya Kiswahili uliyomwambia mwanao tangu asubuhi. Vaa viatu. Maliza chakula. Zima hiyo. Njoo usalimie. Watoto wetu wanakua na Kiswahili cha amri. Hawawasikii watu wazima wakitaniana, wakikatizana, wakilizunguka jambo kabla ya kulisema, wakimwambia mwongo kwamba ni mwongo bila kulitaja neno lenyewe. Sisi tuliyapata hayo bure, barazani, saluni, jikoni kwenye shughuli, nyuma ya migongo ya mama zetu. Fleti yetu hapa Sydney magharibi ina watu wazima wawili ambao mara nyingi hukutana mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka. Soga atazisikia wapi mtoto?

Binti yangu ana miaka 9. Anaelewa kila ninalomwambia na ananijibu kwa Kiingereza. Siku moja tukiwa garini alicheka mzaha wa mtangazaji kabla mimi sijacheka. Sikusema kitu, niliongeza sauti tu.

Mzaha ule ulitoka kwa Salama Jabir, na yeye ndiye nitakayemtanguliza. Waliokuwa Tanzania miaka ile wanamkumbuka kwenye meza ya majaji wa Bongo Star Search, akiwa na Madam Rita na Master Jay, na baadaye kwenye Mkasi ya EATV. Sasa ana kipindi chake, Salama Na, kinachopatikana YouTube. Jina lenyewe ni mchezo wa maneno: Salama na fulani, halafu jina la mgeni. Wageni wake ni wanamuziki, waigizaji, wachezaji, watu wa habari, na mazungumzo ni marefu.

Ninachokipenda kwake nakijua kwa macho ya kazi yangu. Tangu stashahada nyumbani hadi shahada huku, walimu walitufundisha jambo lilelile kuhusu kuchukua historia ya mgonjwa: uliza swali lililo wazi, kisha nyamaza. Mwuguzi mgeni hukimbilia swali la pili kwa sababu ukimya unamtisha, na jibu la kweli linakuwa limebaki kooni kwa mgonjwa. Salama anaweza kunyamaza. Mgeni anamaliza sentensi, anatulia, halafu anasema lile ambalo hakupanga kulisema. Pia anawajua wageni wake tangu zamani, kwa hiyo hawezi kudanganywa kirahisi, na akidanganywa anacheka kwa namna ambayo mgeni mwenyewe anarudi nyuma kusahihisha.

Mlinganishe na mahojiano mengi ya udaku mitandaoni. Msanii wa kike amekuja kuzungumzia albamu, anaulizwa baba wa mtoto ni nani. Anajibu kwamba hilo halizungumzii, anaulizwa tena kwa kulizungusha. Mimi hapo huzima. Si kwamba najifanya mtakatifu, udaku naupenda kama mtu mwingine. Ila binti yangu amekaa kiti cha nyuma, na sitaki ajifunze kwamba mwanamke akisema hapana kwa Kiswahili anaulizwa mara ya pili.

Kuna jambo la kujua kuhusu Tanzania. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, zikataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni wawe na leseni. Ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, ilipita shilingi milioni 2. Kanuni zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, lakini fikiria vijana wawili wenye simu na maikrofoni moja walivyoziona wakati ule. Na kicheko chenyewe kimewahi kuwa na gharama. Idris Sultan, yule aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014, alikamatwa na polisi Mei 2020 baada ya kusambaza video akiicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Kwa hiyo ukimsikia mchekeshaji wa Bongo anazunguka mbuyu kabla ya kufika kwenye jambo, usidhani hajui njia. Hilo lina uzuri wake pia. Kuzunguka mbuyu ni nusu ya utani wa Kiswahili, na mtoto anayejifunza kusikia kisichosemwa amejifunza lugha kweli.

Wakenya wana mambo mengi zaidi, na wanayasema kwa sauti. Iko Nini ya Mwafreeka ni kipindi cha Sheng, mwenyeji akiwa msanii wa hip hop wa siku nyingi, na akikaa na wanamuziki wa rika lake unapata historia ya muziki wa Nairobi ambayo hakuna aliyeiandika. Nikiri kwamba maneno mengine hunipita. Nina rafiki kutoka Eastlands ambaye humtumia sauti nikitaka tafsiri, naye hunicheka kwanza, hutafsiri baadaye. Oga Obinna, mchekeshaji aliyewahi kutangaza Kiss 100, ana kipindi chake YouTube ambako watu maarufu wa Kenya huja kumwaga yote. Anachekesha sana. Ni cha visikilizi vya masikioni, watoto wakiwa wamelala, na hata hapo hakikisha mama mkwe hayupo.

Adelle Onyango ni kitu kingine kabisa. Legally Clueless aliianza mwaka 2019, na zaidi ni Kiingereza, Kiingereza cha Nairobi chenye Kiswahili kikipenya hapa na pale. Ndani yake kuna sehemu ya simulizi za Waafrika wa kawaida, kila mtu akieleza lake kwa sauti yake. Si kipindi cha watu maarufu hasa, lakini nakiingiza kwa ajili ya wanafunzi, hasa ule mwaka wa kwanza ambao umefika, umepata chumba, na hujamwambia mtu yeyote nyumbani kwamba Jumapili unalia. Ukimsikiliza Adelle unapata mtu wa umri wako anayekubali kwamba bado hajajua maisha yanaendaje.

Tusiwasahau majirani zetu wa Goma, Bukavu na Uvira, ambao ni wengi Australia na Kiswahili chao kina ladha yake. SBS, shirika lililoanza na redio mbili tu Sydney na Melbourne mwaka 1975, lina idhaa ya Kiswahili, na vipindi vyake unaweza kuvisikiliza wakati wowote. Vingi ni habari na maelezo ya maisha ya hapa, vichekesho ni vichache. Lakini yapo mahojiano na watu wa jamii yetu wenyewe, na wakati mwingine utasikia sauti unayoijua. Kwa mzazi mgeni asiyejua Medicare ni mdudu gani, aanzie hapo kabla ya kwenda kwa Salama.

Kwa Kiingereza nitapita haraka, maana hizo hazihitaji mtu wa kuzitangaza. Marc Maron alianza WTF mwaka 2009, na kwa miaka mingi alirekodi kwenye gereji ya nyumba yake Los Angeles. Juni 2015 aliyekuja kukaa gerejini humo alikuwa Barack Obama, rais aliye madarakani. Maron alikifunga kipindi Oktoba 2025 baada ya miaka 16, na mgeni wa mwisho alikuwa Obama tena. Mazungumzo yale ya 2015 yatafute. Mtoto wa Mjaluo anazungumza na mchekeshaji kama mtu aliyepita kusalimia, na mtangazaji haonekani kuwa na haraka naye. SmartLess ya Jason Bateman, Sean Hayes na Will Arnett ina ujanja mmoja mzuri: mmoja wao anamleta mgeni bila kuwaambia wenzake ni nani. Trevor Noah, baada ya kuacha The Daily Show mwisho wa 2022, alianza What Now? mwaka uliofuata. Naona amekuwa bora huku kuliko kwenye televisheni. Ana muda wa kuchezea lafudhi, na kila Mwafrika aliyewahi kusemeshwa polepole dukani kama vile ni kiziwi atamwelewa.

Hapa Australia, kama unaanza kazi na chumba cha chai kinakutisha, sikiliza Hamish & Andy. Ni marafiki waliokutana Chuo Kikuu cha Melbourne. Walikuwa na kipindi cha redio cha jioni hadi mwisho wa 2017, kisha wakahamia kwenye podikasti. Wanachofanya ni kuchokozana tu, na wasikilizaji wanapiga simu kuchokozwa nao. Nawapendekeza kwa wauguzi wapya kwa sababu moja. Mwaustralia akikupenda anakutania, na usipojua hivyo utaenda nyumbani ukidhani umetukanwa. Baada ya wiki chache za kuwasikiliza utagundua kwamba unaijua hali hii. Ni Mnyamwezi na Mzaramo, ni Mchagga na Mpare, isipokuwa hawa hawana kabila la kusingizia. Conversations ya ABC, inayoongozwa na Richard Fidler na Sarah Kanowski, ni ya utulivu zaidi, karibu saa nzima na mgeni mmoja. Fidler mwenyewe alikuwa mchekeshaji zamani, kwenye kundi la Doug Anthony All Stars, ingawa ukimsikia leo hutaamini. Kwa anayejiandaa na mtihani wa OET au IELTS, ni mazoezi mazuri ya sikio.

Niseme jambo moja kama mwuguzi, kwa wenzangu wa zamu za usiku. Usitegemee podikasti ikufikishe nyumbani. Watafiti wawili, Dawson na Reid, walichapisha mwaka 1997 utafiti uliofanyika hapahapa Australia: mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hicho ndicho kiwango ambacho polisi wa New South Wales hawakuruhusu kukifikia ukiwa na leseni kamili. Ukiamka saa 3 asubuhi, ukaingia naiti bila kulala, ukatoka saa 2 asubuhi inayofuata, umekaa macho saa 23. Kucheka kunakufanya ujione mchangamfu, na macho yanafumba vilevile. Panda treni, au lala nusu saa kwanza. Kipindi kitakusubiri.

Sasa niwape kitu cha kufanya nyumbani. Kuna podikasti ya Uingereza inaitwa Off Menu, ya Ed Gamble na James Acaster. Mgeni anaingia kwenye mgahawa wa kufikirika na kuchagua mlo wa ndoto zake, kuanzia maji hadi kitindamlo. Tumeuchukua mchezo huo na kuuweka mezani kwetu Jumapili, kwa sharti moja: mgahawa wetu unapokea oda kwa Kiswahili tu. Ukisema kwa Kiingereza, mhudumu hasikii. Mhudumu ni mume wangu, na uziwi huo anaufanya kwa moyo wote. Wiki ya kwanza binti yangu aliagiza "kuku" akanyamaza. Wa nini? Wa kuchoma, wa kukaanga, wa nazi? Mguu au kidari? Unamla na nini? Kwa taabu, na kwa hasira kidogo, alifika hadi kwenye pilipili ya pembeni. Siku hizi oda yake ina kachumbari, ina ndizi za kukaanga, na ina malalamiko kuhusu huduma.

Tukatoka hapo tukaenda mbali zaidi. Mwezi uliopita alimhoji bibi yake aliyeko Korogwe, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Maswali aliandika mwenyewe, mimi nilisahihisha mawili. La tatu lilikuwa: "Bibi, ulipokuwa kijana ulikuwa unacheka nini?" Mama yangu akajibu kwa dakika 11. Akaeleza redio moja ya jirani, mtaa mzima umekaa chini, wakisubiri Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania, na jinsi babu alivyokuwa akijidai hasikilizi huku amesogeza kiti. Akawaigiza sauti zao wote wawili. Sikuwahi kuyasikia hayo, miaka yote niliyokaa naye.

Binti alirudia kusikiliza mara tatu, halafu akatuma ujumbe mwingine, kwa Kiswahili, bila kuniuliza neno: "Bibi, sasa kati yenu, Pwagu ni nani?"

Jumapili hii ni zamu ya mdogo wake. Ana miaka 6, na swali lake ni moja tu: kwa nini bibi ana kuku wengi na hakuna hata mmoja mwenye jina.