MKONO ULIOUMIA NA KAZI YAKE

Katika hospitali kubwa tunamjua daktari na tunamjua nesi. Yuko mwingine ambaye wengi wetu hatumjui kwa jina, naye ni mtaalamu wa tiba ya kazi. Huyu haulizi tu kama kidonda kimefunga. Anauliza kama mtu ataweza tena kufunga kifungo cha shati, kusonga ugali na kurudi kwenye kazi yake. Kwa hiyo jinsi anavyofundishwa ni jambo letu pia.

Zamani mwanafunzi alikaa kwenye benchi akaandika anayosema mwalimu. Mwaka 1969 chuo cha udaktari cha McMaster, katika Hamilton, mji wa viwanda vya chuma nchini Kanada, kilianza njia nyingine. Wanafunzi wachache wanaizunguka meza, wanapewa habari za mgonjwa mmoja. Mwalimu yupo lakini hahubiri. Wao wenyewe wanasema: tunajua nini, hatujui nini, nani akatafute lipi? Wanatawanyika, wanasoma, wanauliza watu, kisha wanarudi kuelezana. Ni kama kamati ya tawi inavyochunguza malalamiko. Njia hiyo ilienea nchi nyingi, na shule za tiba ya kazi nazo zikaichukua.

Habari za mgonjwa huandikwa kwenye karatasi. Siku hizi wanamwita mteja. Mimi neno hilo linanikumbusha duka, lakini nia yake ni nzuri: mtu huyo ana haki ya kusema anachotaka, si kupokea tu.

Tutunge mfano wa karatasi hiyo. Mama wa miaka 38, mchuma chai, analipwa kwa kilo. Alikatwa na kisu wakati wa kupogoa. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kimebaki nusu, na gumba limekakamaa. Ana watoto wanne. Anataka kurudi shambani.

Wanafunzi wataanza na mishipa, kovu, na namna gumba linavyokutana na vidole vingine. Hayo yote yamo vitabuni. Halafu mmoja atauliza: mama huyu anachumaje? Hapo meza itanyamaza. Chai huchumwa kwa mikono miwili, majani mawili na kichipukizi, maelfu kwa maelfu kwa siku, asubuhi majani yakiwa na umande na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kama karatasi iliandikwa na mtu aliyeiona chai kikombeni tu, wanafunzi watajifunza kutibu mkono usio na mwenyewe. Mama ataandikiwa kwamba amepona, na mwisho wa mwezi mshahara utaonyesha kilo nusu ya zile za zamani.

Ofisi ya fidia haitamsaidia katika hilo. Sheria nyingi za fidia zina jedwali: kidole hiki asilimia fulani, kile asilimia fulani. Kwa jedwali hilo kidole cha karani na kidole cha mchuma chai ni kimoja. Mtaalamu aliyefundishwa vizuri anaweza kuandika ripoti inayoeleza kazi yenyewe, na ripoti hiyo tunaweza kuiweka mezani tukidai mfanyakazi abadilishiwe kazi badala ya kufukuzwa.

Wala kushiriki kwetu si kujipendekeza. Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, kuhusu kuwarudisha kazini watu wenye ulemavu, unasema vyama vya wafanyakazi viulizwe maoni kuhusu utekelezaji wa mipango hiyo.

Matawi yaliyo karibu na shule za namna hii yaende kuwaona walimu wake. Wapeleke mambo ambayo kitabu hakina: urefu wa meza ya kiwandani, saa za kusimama, mashine inavyozimwa na mkono upi unaozima. Na mchuma chai aende mwenyewe na kikapu chake, akivae mbele yao, aonyeshe kamba inapomkata begani kikishajaa.