Koo, Mlango wa Tonge na wa Neno



Katika Injili ya Jumapili ya 23 ya Mwaka B, Marko, katika sura yake ya 7, anatusimulia habari za kiziwi mwenye utasi aliyeletwa kwa Yesu. Bwana alimtenga na umati, akatia vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi, kisha akatamka neno moja la Kiaramu: Efatha, yaani, funguka. Mara nyingi tunafikiri juu ya muujiza wenyewe, lakini ni mara chache tunafikiri juu ya kile alichokigusa. Leo tutazame kinywa na koo, jinsi zinavyofanya kazi, kwa maana huku kwetu Lushoto kutokujua jambo hili kunaweza kugharimu maisha ya mtoto.

Tuanze mezani. Unapotia tonge la ugali kinywani, taya la chini, ambalo ndilo peke yake linalosogea, hupanda na kushuka na kwenda pembeni, nayo meno husaga. Mate hulainisha. Ulimi hukusanya chakula, hukifanya donge, hukisukuma nyuma. Mpaka hapo wewe ndiwe bwana: waweza kutafuna zaidi au kutema. Lakini tonge likishapita shina la ulimi, kazi hutoka mikononi mwako na mwili huimaliza wenyewe.

Nyuma ya kinywa pana njia panda. Hewa kutoka puani huingia kwenye bomba la hewa lililoko mbele, nacho chakula kutoka kinywani hushuka kwenye umio ulioko nyuma. Njia hizi mbili hukutana kooni na kupishana. Basi ili tusipaliwe, milango kadhaa hufungwa kwa mpigo mmoja. Kaakaa laini, pamoja na kile kinyama kinachoning'inia katikati yake kiitwacho kimeo, huinuka na kuziba njia ya puani. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti ambacho kwa wanaume huonekana kama kifundo shingoni, hupanda juu. Weka kidole shingoni umeze mate, utakisikia kikipanda. Kidakatonge huinama na kufunika mlango wa zoloto, nazo nyuzi za sauti hubanana. Pumzi husimama kwa muda usiozidi sana sekunde moja. Umio hufunguka, tonge huingia, na milango yote hurudi mahali pake. Tunafanya hivyo mara mia kadhaa kila siku, hata usingizini, wala hatuhesabu.

Sasa tutazame neno. Viungo ni vile vile. Hewa itokayo mapafuni hupita katikati ya nyuzi za sauti, nazo hutetemeka, za mwanamume kama mara 100 kwa sekunde au zaidi kidogo, za mwanamke kama mara 200. Mtetemo huo bado si neno, bali ni sauti tupu. Kinachoifanya iwe neno ni koo, ulimi, taya na midomo. Tukifumba midomo tunapata p, b na m. Meno ya juu yakigusa mdomo wa chini tunapata f na v. Ncha ya ulimi ikigusa ufizi tunapata t na d. Shina la ulimi likigusa kaakaa laini tunapata k na g. Kaakaa laini likishuka na kuiachia hewa ipite puani, tunapata m, n na ng'. Ndiyo sababu mtu mwenye mafua makali hutamka maneno yake kana kwamba amezibwa.

Katika milima yetu hii ya Usambara tunao ushahidi mzuri wa uwezo wa viungo hivyo. Ndugu zetu Wambugu, pamoja na lugha yao iliyo karibu na Kipare, wanayo namna nyingine ya kusema iitwayo Ma'a, ambayo sehemu ya maneno yake asili yake ni lugha za Kikushi. Wataalamu wa lugha wa nchi nyingi wameichunguza, na mwaka 2003 Mholanzi Maarten Mous alichapisha kitabu kizima juu yake. Ndani yake imo sauti inayopatikana kwa kupitisha hewa kandokando ya ulimi, ambayo Kiswahili hakina. Na jina lenyewe, Ma'a, hudai tuzifunge nyuzi za sauti kwa kitambo kidogo katikati ya neno. Mtoto anayekulia katika nyumba hizo hujifunza hayo yote bila mwalimu wala ubao. Kinywa ni kile kile alichopewa kila mtoto.

Wapendwa, kwa nini tumeeleza haya kwa urefu? Ni kwa sababu ya kile kinyama kidogo, kimeo. Kote nchini, na huku milimani pia, ipo desturi ya kukikata. Si jambo la jana: madaktari waliandika juu ya ukataji wa vimeo katika pwani ya Tanzania tangu mwaka 1965. Mtoto akikohoa kwa muda mrefu, au akitapika, au akikataa kunyonya, jirani husema, "Huyu ana kimeo." Hutafutwa fundi, na kimeo hukatwa kwa kisu au kifaa kingine chenye makali.

Bibi anayetoa ushauri huo hana nia mbaya. Alimpenda mjukuu wake, na alirithi ushauri huo kwa mama yake. Tena kinachomdanganya ni kitu anachokiona kwa macho: anafungua kinywa cha mtoto, anaona kimeo chekundu kimevimba. Lakini hapo ndipo kosa lilipo. Koo likiwa na ugonjwa, kimeo nacho huvimba pamoja nalo. Ni sawa na moshi juu ya paa: ukiupepea moshi, moto haujazimika. Kikohozi kina chanzo chake, iwe mafua, pumu, nimonia au kifua kikuu, na homa yenye kutapika yaweza kuwa malaria. Kisu hakigusi hata kimoja katika hivyo. Badala yake huleta damu isiyokatika, usaha, pepopunda, na kama kimetumika kwa wengi bila kuchemshwa, maambukizi ya UKIMWI. Na zaidi ya yote, hupoteza siku ambazo mtoto angepata dawa.

Sisi tuliofanya utume vijijini tumewahi kubisha hodi katika nyumba za namna hiyo. Tumemkuta mama amemshika mtoto mchanga mweupe midomo, kanga imelowa damu, njia ya kwenda hospitali ni mteremko mrefu na mvua inanyesha. Tulibatiza, tukamzika kesho yake. Hatukuwa na neno la kumlaumu mama yule, na hata sasa hatunalo. Lakini tunalo neno la kuwaambia ninyi kabla hayajawafika.

Basi jifunzeni dalili hizi. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, hesabuni pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kama ana umri wa miezi 2 hadi 11 na anapumua mara 50 au zaidi, au kama ana mwaka 1 hadi 5 na anapumua mara 40 au zaidi, anahitaji kutibiwa. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au kama hawezi kunyonya wala kunywa, msingoje kuche. Na mtoto aliye chini ya miezi 2 akiugua, msihesabu sana, nendeni tu.

Bwana wetu alipomponya yule mwenye utasi, hakukata kitu. Aligusa. Alikijua kiungo kile, kwa kuwa kila kitu kilifanyika kwa njia yake. Nasi tukigusa koo la mtoto, tuliguse kwa heshima na kwa maarifa, ili kesho kinywa hicho kile, kiimbe, na kiseme lugha yoyote ya milima hii.

Mungu awabariki.