Mteja akisema "jiko linazima nikiachia swichi", usikimbilie kurudisha mzigo

Kama unauza majiko ya gesi yenye oveni mtandaoni, meseji hii unaijua: "Dada, hili jiko bovu. Nikibonyeza linawaka, nikiachia swichi linazima." Mara nyingi inaingia usiku, siku ileile mzigo umefika, na inayofuata ni ya kudai hela.

Kabla hujajibu, piga hesabu. Tuseme faida yako kwenye jiko hilo ni 40,000. Kirikuu kutoka Kariakoo mpaka Goba tuseme 30,000, na kulirudisha ni 30,000 nyingine. Faida imekwisha na umeanza kula mtaji. Halafu unafika dukani Kariakoo, muuzaji wa jumla analiunga kwenye mtungi wake, linawaka vizuri na halizimi. Hapo utamwambia nini?

Ujue kinachotokea ndani. Pembeni ya moto wa oveni kuna kijiti chembamba cha chuma. Mafundi wengi wanakiita sensa, jina lake kamili ni themokapo. Ni metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Ncha ikipata moto, inazalisha umeme kidogo sana, kama milivolti 20 hadi 30. Betri ya rimoti ina 1,500, kwa hiyo ona ulivyo mdogo. Umeme huo unashikilia sumaku inayoiacha njia ya gesi wazi. Hauna nguvu ya kuifungua njia, unaweza kuishikilia tu, ndiyo maana mteja lazima abonyeze kwa mkono mwanzoni. Moto ukizimwa na upepo, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inakata. Jiko linalozima ukiachia swichi linafanya kazi yake: halijapata uhakika kwamba moto upo, basi linakata.

Kwa hiyo swali lako kwa mteja ni moja: kwa nini ncha haipati moto wa kutosha?

Sababu ya kwanza ni haraka. Mtu ametoka kwenye jiko la pleti mbili lisilo na sensa, amezoea kuzungusha na kuachia. Mwambie abonyeze mpaka mwisho, na moto ukishashika aendelee kubonyeza sekunde 15 nzima, ahesabu kwa sauti. Siku ya kwanza mpira wa gesi umejaa hewa, kwa hiyo hata kuwaka kwenyewe kunachelewa. Ikigoma, azime, aache mlango wa oveni wazi dakika tano gesi itoke, ndipo ajaribu tena. Hilo la dakika tano lisisitize. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, haipandi juu ikapotea, inatulia chini ya oveni na sakafuni ikisubiri cheche.

Ya pili ni barabara. Jiko limerukaruka kwenye kirikuu, kijiti kimepinda au kifuniko cha moto kimekaa upande. Omba video fupi, ncha na moto vionekane pamoja. Moto unatakiwa uilambe ncha kabisa, kupita jirani haitoshi. Ukiona nailoni au karatasi ya kiwandani bado imo ndani, umeshapata jibu. Kijiti kikiwa kimepinda, mteja asikinyooshe mwenyewe moto ukiwa unawaka. Afunge mtungi kwanza, jiko lipoe.

Ya tatu ni presha. Majiko ya nyumbani ya gesi ya mtungi yanataka presha ya chini, milibari 28 hadi 30. Kuna wateja wanafunga regulata ya presha kubwa, ile ya majiko ya kupikia mapishi ya shughuli, na moto unaruka juu ya tundu bila kugusa ncha. Mtungi unaokaribia kuisha nao unatoa moto dhaifu. Na kama nyumba yake imeunganishwa na gesi asilia ya TPDC, jiko la mtungi haliwezi kufanya kazi sawasawa mpaka fundi abadilishe matundu ya gesi. Hili uliza kabla ya kuuza, siyo baada.

Kwa jiko la zamani au la mtumba, angalia uchafu. Mafuta yakigandia kwenye ncha, umeme uleule mdogo unapungua. Kitambaa kikavu au msasa laini vinatosha. Ikigoma bado, ama kiungo cha nyuma kimelegea ama themokapo imekufa. Hapo ni fundi.

Kuna fundi atakayemwambia mteja, "Hii sensa tuikate, tuunge moja kwa moja." Mpinge mapema, kwa maandishi. Jiko litawaka ndiyo, lakini siku upepo ukizima moto, gesi itaendelea kumwagika usiku kucha, na jina lililopo kwenye risiti ni lako.

Wanaouza hita za maji za gesi kwa saluni na gesti wanakutana na kesi hiihii. Zile zenye kimoto kinachokaa kimewaka muda wote zinatumia themokapo hiyohiyo. Zile za betri zinawaka ukifungua maji, kwa hiyo uliza kwanza kuhusu betri na nguvu ya maji, maana tangi likiwa chini sana hita haiwaki. Na isifungwe ndani ya bafu bila bomba la kutoa moshi nje. Kaboni monoksaidi haina harufu, na inaua.

Meseji ya kuhifadhi kwenye simu yako, bandika tu: "Pole dada, tutalimaliza. Kuna harufu ya gesi? Kama ipo, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje unipigie. Kama haipo, bonyeza swichi mpaka mwisho, moto ukishika hesabu hadi 15 ndipo uachie. Ikizima, nitumie video ya moto na picha ya regulata." Uvujaji unatafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungo, kamwe siyo kwa kiberiti. Zimamoto ni 114.

Kama kijiti kimekufa kweli na mzigo ni mpya, badilisha kwa gharama yako bila kumzungusha. "Mali ikiuzwa hairudishwi" haimtulizi mtu anayeweza kukuanika kwenye komenti. Spea zake Kariakoo zipo, ila zinatofautiana urefu na mdomo wa kufungia, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi. Na jiko linalofuata, liwashe dukani kabla hujalipa, rekodi video oveni ikiwaka na namba ya jiko ikionekana, ndipo lipande kirikuu.