Graeme Hick: Miaka saba ya kungoja ukaazi, mikimbio sita siku ya kwanza

Anayevuka mpaka kila wiki pale Busia, Namanga au Rusumo anajua kwamba mzigo unaweza kuwa tayari, mteja yupo, bei imekubaliwa, na bado karatasi moja ikakuzuia. Katika kriketi yuko mtu aliyezuiwa na karatasi kwa miaka saba. Alipokuwa akingoja, watu walimjengea sifa ambazo hakuna binadamu angeweza kuzifikia.

Jina lake ni Graeme Hick. Alizaliwa mwaka 1966 katika jiji lililoitwa Salisbury, leo Harare, katika familia ya wakulima wa tumbaku. Mwaka 1983, akiwa na miaka 17, alikuwamo kwenye kikosi cha Zimbabwe kilichokwenda Kombe la Dunia nchini Uingereza. Hakuchezeshwa hata mechi moja, lakini alikuwa na wenzake walipoishangaza Australia kwa kuifunga kwa mikimbio 13. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza kwa ufadhili na kujiunga na klabu ya Worcestershire.

Tatizo lilikuwa kwamba Zimbabwe haikuwa na ruhusa ya kucheza Test, zile mechi za siku tano ambazo wanakriketi huziona kuwa ndicho kipimo halisi cha mchezaji. Aliyebaki nyumbani angeonja Kombe la Dunia mara moja kila miaka minne, kisha basi. Hick akaichagua Uingereza, na kanuni zikamtaka akae huko miaka saba kabla ya kuichezea.

Akakaa, na mikimbio ikazidi kumiminika. Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, mpigaji akifikisha mikimbio 100 kabla ya kutolewa amefanya kazi ya kupigiwa makofi. Hick alizifikisha kana kwamba anahesabu magunia. Mwaka 1986, akiwa na miaka 20, alivuka mikimbio 2,000 katika msimu mmoja, na hakuna mdogo kuliko yeye aliyewahi kufanya hivyo. Mei 1988, mjini Taunton, alipiga 405 bila kutolewa. Mtu wa mwisho kuvuka 400 katika ardhi ya Uingereza alikuwa amefanya hivyo mwaka 1895. Mwishoni mwa mwezi huohuo wa Mei, West Indies, timu iliyoogopwa kuliko zote, ilipopita Worcester, aliipiga 172 na bado hakutolewa.

Hapo ndipo subira ya mashabiki ilipogeuka homa. Timu ya taifa ya Uingereza ilikuwa hoi: mwaka 1988 ilifungwa mechi nne kwa bila na West Indies, na mwaka uliofuata ikafungwa nne kwa bila na Australia. Kwa waliochoka kufungwa, mwaka 1991 ukawa kama tarehe ya meli kutia nanga. Kijana akishapata ukaazi, mambo yatanyooka.

Juni 6, 1991, katika uwanja wa Headingley mjini Leeds, meli ikatia nanga. Wapinzani walikuwa West Indies. Hick alipata mikimbio sita. Alipoingia mara ya pili akapata sita tena, akatolewa na Curtly Ambrose, mrushaji wa Antigua mwenye urefu wa karibu mita mbili. Uingereza ilishinda mechi hiyo, jambo lililowapa watu kisingizio cha kuendelea kusubiri. Lakini katika mechi nne alikusanya mikimbio 75 tu, Ambrose akamtoa mara sita kati ya saba, na mechi ya tano akaachwa nje.

Sababu haikuwa fumbo kubwa. Mipira ya Ambrose ilidunda na kupanda hadi kifuani na shingoni, na Hick, aliyezoea kusimama wima na kuupiga mbele, alikosa pa kwenda. Lakini kosa la ufundi hurekebishika. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kwamba kijana wa kawaida huanza akiwa hana deni, akikosea anaambiwa atajifunza. Hick alianza akiwa na miaka 25 na deni la miaka saba, na wadai wote wamekaa uwanjani wakitazama.

Siku ileile alianza pia Mark Ramprakash wa London, miaka 21, naye akitajwa sana. Alipata 27 na 27. Katika kriketi ya daraja la kwanza kwa jumla, Ramprakash alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa amefikisha mia mara 114, na Hick mara 136. Katika Test, Ramprakash alifikisha mia mara mbili tu katika mechi 52, na Hick mara sita katika mechi 65.

Si kila anayetangaziwa huanguka. Sachin Tendulkar wa India alikuwa na miaka 16 alipoanza mjini Karachi, Novemba 1989, akapata 15. Mjini Sialkot, katika ziara hiyohiyo, mpira wa Waqar Younis ulimpasua pua. Alikataa kutoka na akafikisha 57. Lakini tangu yeye na mwenzake wa shule Vinod Kambli waliposhirikiana mikimbio 664 hadi kuanza kwake haikupita hata miaka miwili. Sifa hazikupata muda wa kuota mizizi.

Na wapo wasiotarajiwa kabisa. Oktoba 1996, Pakistan ilimwita Shahid Afridi Nairobi kuziba nafasi ya mrushaji aliyeumia. Katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, dhidi ya Sri Lanka, mabingwa wa dunia, alifikisha mia kwa mipira 37, rekodi iliyodumu hadi 2014. Gongo alilotumia, kama alivyosimulia mwenyewe, lilikuwa la Tendulkar. Waqar alikuwa amekabidhiwa alipeleke kwa mafundi wa Sialkot watengeneze mengine kama hilo, likapitia Nairobi kwanza. Vyeti vilisema Afridi ana miaka 16. Mwaka 2019 aliandika kitabuni mwake kwamba alizaliwa 1975, hesabu inayompa miaka mingine minne au mitano. Karatasi tena.

Kinachouma zaidi katika kisa cha Hick ni kalenda. Mwaka 1992, mwaka mmoja tu baada ya ukaazi wake kukamilika, Zimbabwe ilipewa hadhi ya Test. Oktoba mwaka huo ilicheza mechi yake ya kwanza, mjini Harare dhidi ya India, na haikufungwa. Nahodha wake, Dave Houghton, alipiga 121. Hick wakati huo alikuwa mchezaji wa Uingereza, akingali anatafuta mia yake ya kwanza; aliipata Bombay mwanzoni mwa 1993, mikimbio 178. Januari 1995 mjini Sydney alikuwa na 98 nahodha wake, Michael Atherton, alipofunga zamu ya timu na kumwita nje, mikimbio miwili kabla ya mia.

Alistaafu mwaka 2008 akiwa na zaidi ya mikimbio 41,000 ya daraja la kwanza. Kisha akavuka mpaka mwingine: alihamia Australia, na kuanzia 2016 hadi 2020 kazi yake ilikuwa kuwafundisha kupiga wachezaji wa timu ya taifa ya huko.