Nyeupe namba 40 ipo? Jinsi ya kuchomoa namba moja kwenye jedwali la mzigo

Mimi nauza raba hapa Nkwenda na oda nyingi zinaingia kwa WhatsApp. Mteja wa Bukoba hataki kuona jedwali lako lote, anauliza kitu kimoja tu: "Nyeupe namba 40 ipo?" Ukisema ipo, akatuma hela na nauli ya mzigo, halafu haipo, umempoteza yeye na wale aliotaka kuwaambia.

Kwenye Google Sheets panga hivi. Saizi zishuke chini, A2 mpaka A5. Rangi zikae juu: B1 Nyeusi, C1 Nyeupe, D1 Nyekundu. Pea zilizobaki zijae B2 mpaka D5. Tuseme ziko hivi:

38: 4, 2, 0
39: 6, 1, 3
40: 5, 0, 2
41: 1, 7, 4

Hili ni jedwali la pande mbili. Kuifikia namba moja unataja vitu viwili: mstari (unaolala) kwanza, safu (inayosimama) baadaye. Namba 40 ni mstari wa 3, nyeupe ni safu ya 2:

=INDEX(B2:D5,3,2)

Jibu ni 0, haipo. Sasa geuza uandike 2,3. Inakuletea 3! Hizo ni nyekundu za namba 39. Kompyuta haikupigii kelele yoyote, maana uliyoiuliza ipo kweli, ila siyo uliyoitaka. Ndiyo maana kosa hili ni baya kuliko lile la kuandika mstari wa 9, ambalo linagoma palepale na unaliona. (Koma ikikataa kwenye simu yako weka nukta mkato, inategemea nchi (locale) iliyochaguliwa kwenye mipangilio ya faili.)

Kuna wenzetu siku hizi wanaandika programu ndogo za kujibu wateja, kwa Python au Apps Script. Huko kuhesabu kunaanza sifuri. Mstari wa kwanza ni 0, wa tatu ni 2. Kwa hiyo nyeupe namba 40 inakuwa:

raba[2][1]

Ukihamisha ile 3,2 ya Sheets kama ilivyo ukaandika raba[3][2], unapata 4, nyekundu za 41. Tena kimyakimya. Apps Script ndiyo inachanganya zaidi: getRange inahesabu kuanzia 1, ila ukishavuta namba kwa getValues unahesabu kuanzia 0. Programu ileile moja!

Ukiwa na maduka mawili, tuseme Nkwenda na Kayanga, unaongeza upande wa tatu. Duka linatangulia: mzigo[1][2][1] ni duka la pili, saizi 40, nyeupe. Ni kama kuchagua daftari kwanza, ndiyo ufungue mstari.

Kwa mimi, kuhesabu kwa kidole kwenye Sheets sipendi kabisa. Leo ukiingiza saizi 39.5 katikati, 40 inakuwa mstari wa 4, ila ile 3 uliyoandika kwa mkono inabaki 3. Afadhali uitafute kwa jina:

=INDEX(B2:D5,MATCH(40,A2:A5,0),MATCH("Nyeupe",B1:D1,0))

MATCH ya kwanza inatafuta 40 iko mstari wa ngapi, ya pili inatafuta Nyeupe iko safu ya ngapi. Ile 0 ya mwisho usiiache, inamaanisha ifanane kabisa. Bila hiyo inachukulia orodha yako imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, na rangi zako hazijapangwa hivyo.

Ukimaliza, jaribu na raba ambayo idadi yake haifanani na nyingine yoyote. Kwangu ni nyeupe za 41, ziko 7, na 7 haipo kwingine kwenye jedwali. Fomula ikileta 7, nenda kwenye shelfu uzihesabu kwa mkono, halafu ndiyo umjibu mteja.